Ati Opera Si Saizi Yetu?

Huku kwetu Dundori kuna maneno tunayatumia bila hata kufikiria: "Hiyo si saizi yetu." Hoteli yenye vitambaa vyeupe mezani, si saizi yetu. Kitabu kinene, si saizi yetu. Chuo kikuu, ukikosa karo ukarudi nyumbani kama mimi, ghafla nacho unaambiwa hakikuwa saizi yako tangu mwanzo. Na nilipowaambia wasee wa steji kwamba nataka kuandika kuhusu opera ya Kirusi, jibu lilikuja kabla sijamaliza: "Opera? Hiyo ni ya watu wa juu, buda. Andika kuhusu viazi."

Sawa. Nitaandika kuhusu watu wa viazi na opera, kwa sababu kumbe ni hadithi moja.

Hoja yangu ni hii. Opera kubwa ya Kirusi, ile ya dhahabu na mahameli, ilijengwa kwa sauti za watu wa shamba. Watu waliolima, waliochuma, waliobeba. Wimbo wao ukaingizwa ndani, wenyewe wakaachwa nje. Na hapa Kenya mambo yalienda vivyo hivyo, tena karibu na kwetu, na tarehe zipo. Kwa hiyo mtu akikuambia opera si saizi yako, anakuambia usiingie kwenye nyumba ambayo mawe yake yalibebwa na watu kama guka wako.

Tuondoe woga kwanza

Opera ni hadithi ambayo watu hawaiongei, wanaiimba. Basi. Kuna waigizaji wenye mavazi, kuna kwaya, kuna okestra imekaa chini mbele ya jukwaa. Kwa kawaida hakuna maikrofoni. Mwimbaji anafundishwa miaka mingi mpaka sauti yake ipite juu ya vyombo vyote imfikie mtu aliyekaa nyuma kabisa. Kama umewahi kusikia mama wa kanisa akianzisha wimbo mazishini bila spika, na ukasikika mpaka ng'ambo ya bonde, unajua ninazungumzia nguvu gani.

Jumba lenye jina kuliko yote Urusi ni Bolshoi, Moscow. Jina lenyewe maana yake ni "kubwa" tu, hakuna siri. Jengo lilifunguliwa mwaka 1825, likaungua 1853, likajengwa upya na kufunguliwa 1856, mwaka ambao Tsar Alexander II alitawazwa. Ndani ni roshani juu ya roshani, zimepakwa dhahabu, na moja kubwa katikati inayotazama jukwaa moja kwa moja. Hiyo ilikuwa ya mfalme. Matajiri walikaa chini na kwenye roshani za kati. Juu kabisa, chini ya dari, kulikuwa na viti vya watu wa pesa kidogo. Kwenye kumbi za namna hii Warusi walipaita huko juu kwa jina la utani, kama kusema "kijumba cha peponi", kwa sababu ukikaa hapo uko karibu na mbingu kuliko jukwaa.

Kwa hiyo hata jengo lenyewe lilichorwa kama jamii: mfalme katikati, wenye mali wamemzunguka, wanyonge darini. Lakini kuna kundi moja halikuwa hata darini. Hilo ndilo nataka tuliongelee.

Sauti zilizonunuliwa

Mpaka mwaka 1861, mamilioni ya wakulima wa Urusi walikuwa mali ya wenye mashamba. Tuwaite watumwa wa ardhi. Mkulima wa aina hiyo hakuweza kuhama. Hakuweza kuoa bila ruhusa ya bwana. Shamba likiuzwa, naye ameuzwa pamoja na ng'ombe na ghala. Wakati wanaachiliwa, watu wa namna hii walikuwa zaidi ya milioni 20.

Sasa, hao mabwana walipenda opera. Walikuwa wameiona Ufaransa na Italia, wakataka yao. Kuleta waimbaji kutoka Paris ni gharama. Lakini kijijini una maelfu ya watu wako, na wengine wana sauti. Basi wakachagua watoto wa wakulima, wakawafundisha Kifaransa na Kiitaliano, kucheza dansi, kusoma muziki. Wakawa na vikundi vya opera ambavyo waimbaji wake wote ni mali ya nyumba.

Maarufu kuliko wote ni ukoo wa Sheremetev, uliomiliki zaidi ya watu laki moja. Katika watu hao kulikuwa na binti wa mhunzi, Praskovia, aliyezaliwa mwaka 1768. Alichukuliwa akiwa mtoto, akafundishwa, akapewa jina la jukwaani linalotokana na neno lulu: Zhemchugova. Mwaka 1787 aliimba mbele ya Malkia Catherine mwenyewe, na malkia akamzawadia pete ya almasi. Hebu fikiria. Una almasi ya malkia kidoleni, na bado wewe mwenyewe ni mali ya mtu.

Bwana wake, Nikolai Sheremetev, alimpenda. Akajenga jumba la Ostankino, Moscow, ambalo moyo wake ni ukumbi wa opera. Akampa uhuru mwaka 1798. Wakaoana kwa siri mwaka 1801, kwa sababu tajiri wa ukoo ule kumuoa binti wa mhunzi ilikuwa aibu ya taifa. Mwaka 1803 Praskovia akafariki, wiki tatu hivi baada ya kujifungua mtoto wa kiume. Alikuwa na miaka 34.

Watu hupenda kuisimulia hiyo kama hadithi ya mapenzi. Mimi nikiisoma naona kitu kingine. Nauliza: wale wengine waliokuwa kwenye kwaya nyuma yake, waliompigia vinanda, walioshona nguo zake, wao nani aliwaoa? Nani aliwapa karatasi ya uhuru?

Na usidhani ni mambo ya majumba ya watu binafsi tu. Mwaka 1806 serikali ya Tsar ilinunua kikundi kizima cha waigizaji na waimbaji kutoka kwa bwana mmoja aliyeitwa Stolypin: watu 74 pamoja na familia zao, kwa rubla 32,000. Wakaingizwa kwenye kikundi cha kifalme cha Moscow, kile ambacho baadaye kilizaa Bolshoi na jirani yake Maly. Kwa hiyo ukisikia jina Bolshoi, kumbuka kwamba kwenye mizizi yake kuna risiti ya kununua watu.

Mwafrika ndani ya hadithi

Opera ninayotaka uitazame inaitwa Eugene Onegin. Muziki ni wa Tchaikovsky. Ilichezwa mara ya kwanza mwaka 1879, na waliocheza walikuwa wanafunzi wa chuo cha muziki cha Moscow. Vijana. Tchaikovsky mwenyewe alitaka hivyo, aliogopa wakongwe wa jumba kubwa wangeiharibu kwa mbwembwe. Bolshoi iliipokea miaka miwili baadaye.

Hadithi imetoka kwenye riwaya ya mashairi ya Alexander Pushkin, ambaye kwa Warusi ni kama Shakespeare kwa Waingereza. Na hapa ndipo utakaa vizuri: babu wa mama yake Pushkin alikuwa Mwafrika. Jina lake Abram Gannibal. Alichukuliwa mtoto kutoka bara hili (wanahistoria wanabishana kama ni upande wa Eritrea ya leo au karibu na Ziwa Chad), akapitishwa Istanbul, akafika Urusi mwanzoni mwa miaka ya 1700, akawekwa mikononi mwa Tsar Peter. Tsar akamsimamia ubatizo. Akasomea uhandisi wa kijeshi Ufaransa, akapanda mpaka kuwa jenerali.

Usikimbilie kushangilia, ngoja. Mwaka 1742 Malkia Elizabeth alimpa Gannibal ardhi sehemu za Pskov. Na ardhi Urusi wakati ule ilikuja na watu wake. Kwa hiyo mtoto aliyetekwa Afrika akawa bwana wa watumwa wa ardhi. Historia haipendi kutuachia shujaa msafi.

Sehemu ya ardhi hiyo, Mikhailovskoye, ikarithiwa mpaka kwa Pushkin. Mwaka 1824 serikali ilipomchoka kwa ulimi wake, ilimfungia huko kijijini miaka miwili. Aliandika huko sehemu kubwa ya katikati ya Onegin. Usiku alikaa na yaya wake mzee, Arina Rodionovna, mwanamke aliyezaliwa mtumwa wa ardhi, akimsimulia ngano za kijijini. Mwenyewe Pushkin alisema yaya wa kwenye riwaya ameigwa kutoka kwake. Kwa hiyo kitabu kikubwa cha Warusi kiliandikwa kwenye shamba la Mwafrika, na nusu ya roho yake ni ya shosho asiye huru.

Mimi niliitazama opera hii kwa simu, vipande vipande, bando likiisha nangoja kesho. Ina dakika kama 150 hivi za muziki. Kuna sehemu tatu zilinishika.

Ya kwanza iko mwanzoni. Wakulima wanatoka kuvuna, wanakuja mbele ya nyumba ya bibi mwenye shamba. Wanaimba kwamba miguu inauma, mikono inauma kwa kazi. Mwimbaji mmoja anaanza, kwaya inajibu, kama vile tunavyoimba sisi. Bibi anawasikiliza, anafurahi, halafu anawaomba waimbe kitu cha kuchangamsha. Basi. Wametoka kumwambia wamechoka, jibu lake ni: ongezeni raha. Na wanacheza.

Ya pili ni usiku. Tatyana, binti wa bibi huyo, amependa kijana wa mjini aitwaye Onegin na hapati usingizi. Anamuuliza yaya kama aliwahi kupenda. Yaya anashangaa. Anaeleza kwamba zama zao hayo mambo hayakusikika. Yeye aliozwa akiwa na miaka 13, mume wake mdogo kuliko yeye, akapelekwa kwa watu asiowajua analia. Tatyana hata hamsikilizi vizuri. Ana barua ya kuandika. Anaiandika usiku kucha, ile barua ya mapenzi ambayo dunia yote inaijua, na yaya ndiye anayetafutiwa mtu wa kuipeleka asubuhi. Mmoja ana mapenzi, mwingine ana kazi ya kusikiliza mapenzi.

Ya tatu ndiyo iliniamsha kabisa. Tatyana anasubiri jibu bustanini, amejawa na hofu. Kwa mbali wasichana wanaimba wakichuma matunda madogo ya vichakani. Wimbo mtamu, mwepesi, wa kutongozana. Kwenye opera unasikia uzuri tu. Lakini Pushkin kwenye riwaya anakuambia kwa nini wanaimba: wameamriwa. Bwana anataka waimbe muda wote wanapochuma, kwa sababu mdomo unaoimba hauwezi kula matunda yake.

Soma tena hiyo. Wimbo ulikuwa kufuli la mdomo. Halafu miaka hamsini baadaye watu wamevaa hariri, wamekaa kwenye dhahabu, wanafunga macho wakisema: "Aa, jinsi wakulima wetu wanavyopenda kuimba."

Kutoka huko mpaka Dundori

Wale wasiojua kwetu: ukitoka Nakuru ukafika Lanet, unapinda na kupanda barabara ya kwenda Ol Kalou. Ni juu, ni baridi, udongo mweusi, viazi, kabichi, karoti, minji. Ukigeuka nyuma siku isiyo na ukungu unaona bonde lote mpaka Ziwa Nakuru. Zamani ya ukoloni eneo hili lote lilikuwa ndani ya ile ardhi waliyoiita Nyanda za Juu za Wazungu. Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki hapa. Aliruhusiwa kufanya kazi hapa.

Guka na shosho zetu wengi waliingia kama maskwota. Unapewa kipande cha kulima na kulisha mifugo yako, unamlipa mlowezi kwa jasho. Sheria ya mwaka 1918 ilitaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Sheria ya mwaka 1937 ilipoanza kutumika, walowezi wa wilaya mbalimbali wakapandisha mpaka 240, hata 270, huku wakipunguza mifugo ambayo skwota angeweza kufuga. Na kipande shingoni, ili ukitoroka ujulikane.

Sisemi skwota na mtumwa wa ardhi wa Urusi ni kitu kimoja. Skwota hakuuzwa sokoni, na alilipwa mshahara, hata kama ni wa kuchekesha. Lakini umbo ni lile lile: ardhi ya bwana, siku zako ni zake, na kuhama ni kosa.

Tena angalia walivyoachiliwa. Urusi mwaka 1861 wakulima waliambiwa wako huru, lakini ardhi wailipie. Serikali ikawalipa mabwana, wakulima wakaandikiwa deni la miaka 49 pamoja na riba. Lilifutwa mwaka 1907 baada ya vurugu nyingi. Kenya mwaka 1962 ukaanza mpango wa ekari milioni moja. Serikali ikakopa nje, hasa Uingereza, walowezi wakalipwa, na mkulima Mwafrika akapewa shamba lenye mkopo na riba, akilipa kwa Settlement Fund Trustees. Panda mpaka Ol Kalou, muulize mzee yeyote SFT ni nini, halafu uvute kiti, maana hiyo si hadithi ya dakika mbili. Kununua udongo ambao babako aliulima bure ni deni ambalo Mrusi wa kijijini angelielewa bila mkalimani.

Na kuimba je? Waliimba. Watu wa Olenguruone, hapa hapa Nakuru, walipofukuzwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na kupelekwa Yatta, walitunga nyimbo za kufukuzwa kwao, nyimbo hizo zikasambaa Bonde la Ufa na Kati. Hizo hazikuwa za kumchangamsha bibi mwenye shamba. Ndiyo maana serikali ilizisikiliza kwa masikio tofauti.

Kufuli la mlangoni

Sasa tuje kwenye jumba letu. Kenya National Theatre, Nairobi, mkabala na Hoteli ya Norfolk, ilifunguliwa mwaka 1952. Mwaka huo huo, Oktoba 20, ilitangazwa hali ya hatari. Yaani wakati wanafungua pazia mjini, wanafunga vijiji mashambani. Iliitwa ya kitaifa, lakini kwa miaka mingi jukwaa lilikuwa la michezo ya Waingereza, ikichezwa na Waingereza, ikitazamwa na Waingereza.

Uhuru ukaja, bendera ikabadilika, ratiba ya ukumbi haikubadilika sana. Mwaka 1976 kulikuwa na michezo miwili ya kuwakilisha Kenya kwenye tamasha la FESTAC, Lagos: The Trial of Dedan Kimathi ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, ambayo wengi wenu mliisoma shuleni. Ili wapate jukwaa la nchi yao ilibidi wapigane. Wakapewa siku chache tu, zimebanwa katikati ya baleti kutoka Ufaransa na komedi ya kigeni.

Mwaka uliofuata Ngugi akaacha kubisha hodi. Akaenda Kamiriithu, Limuru, kijiji cha vibarua wa majani chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu. Wanakijiji wakajenga ukumbi wao wenyewe, wa wazi, wa mbao na mikono yao, wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Bolshoi ya leo, na dhahabu yake yote, ina viti takriban 1,740. Nimeiweka hapo tu, ikae.

Mchezo ukaitwa Ngaahika Ndeenda, wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, umejaa nyimbo na dansi, kwa Kikuyu. Unahusu kibarua mwenye ekari moja na nusu ambayo tajiri anaitamani. Waliocheza ndio waliokuwa wakiishi hayo. Mazoezi yalifanywa hadharani, mzee akisimama anasema "hapana, wimbo huo hatukuuimba hivyo," na unarekebishwa. Ulianza Oktoba 2, 1977. Novemba 16 leseni ikafutwa. Desemba 31 Ngugi akakamatwa, akawekwa kizuizini Kamiti karibu mwaka mzima bila kesi.

Hawakukoma. Mwaka 1982 wakaja na Maitu Njugira, yaani "Mama, Niimbie". Huu ulikuwa muziki karibu mwanzo mpaka mwisho, nyimbo za lugha mbalimbali za Kenya, hadithi ya vibarua wa miaka ya 1930 chini ya kipande. Hadithi inayobebwa na uimbaji, kwaya, jukwaa kubwa: niambie tofauti yake na opera ni nini, mbali na jina. Ulipangwa kufunguliwa Februari Kenya National Theatre. Wasanii walipofika, wakakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi wakaendelea kufanya mazoezi, na maelfu ya watu wakaenda kutazama mazoezi tu, mpaka hayo nayo yakazimwa. Machi 12, 1982, polisi waliojihami wakafika Kamiriithu wakaubomoa ule ukumbi wa wanakijiji.

Hapa ndipo vipande vyote vinaungana. Mkulima akiimbwa na mtu mwingine, jukwaani, kwa mavazi mazuri, ni sanaa na watu wanapiga makofi. Mkulima akishika jukwaa mwenyewe, aseme miguu inauma na pia aseme ni nani anayeiumiza, kinaletwa kifaru cha kubomoa au kufuli. Tatizo halikuwa kwamba opera ni kubwa mno kwa watu wadogo. Waliofunga mlango walijua vizuri kabisa kwamba tunatosha. Mtu hafungi kufuli dhidi ya asiyeweza kuingia.

"Si saizi yetu" ni kufuli lile lile, tofauti ni kwamba siku hizi tunalibeba sisi wenyewe na funguo tumetupa.

Utaniambia

Najua mtaniambia: "Lakini hiyo kitu ni ya kigeni, kwa nini tusishike mugithi yetu?" Mugithi shika, mimi pia Jumamosi utanipata kwenye ile treni. Lakini mnisikilize. Ngugi huyo huyo aliyefungwa kwa kuandika Kikuyu alimalizia riwaya yake ya Petals of Blood akiwa Yalta, ndani ya Sovieti, mwaka 1975. Kusoma Warusi hakukumfanya Mrusi. Alirudi akaangalia Limuru kwa macho makali zaidi. Cha mwenzako kikikufundisha kuona chako, si cha kigeni tena.

Mwingine atasema inachosha. Kweli, kuna sehemu inachosha. Mechi ya sare bila bao pia inachosha na bado unakaa dakika 90. Anza na ule usiku wa barua, halafu wimbo wa wanaochuma. Tafuta yenye maandishi ya tafsiri chini. Sikiliza kwa earphone, si kwa spika ya simu, maana kwaya ikisikika kama nyuki utaikosea heshima.

Na milango imefunguka kidogo, tuseme ukweli. Kenya National Theatre ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2015. Mei 2022, Ngaahika Ndeenda ilichezwa ndani yake, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, miaka 45 baada ya kupigwa marufuku. Ngugi aliishi akaliona hilo likitokea. Alifariki Mei 2025. Wakenya pia wanatunga opera zao: Baraka Opera ya Rhoda Ondeng Wilhelmsen imetuletea Ondieki the Fisherman na Nyanga: Runaway Grandmother. Na hapa Nakuru tuna Nakuru Players, ukumbi wa tangu enzi za walowezi, ambao wengi wetu tunaupita tukienda kununua viatu.

Ingia. Vaa ulicho nacho. Kaa mbele.

Lakini kuna kazi moja ya haraka kuliko tiketi. Wale wasichana wa Kirusi hatujui hata jina la mmoja, ila tunajua waliimba na tunajua kwa nini, kwa sababu mtu mmoja alisikiliza na kuandika. Shosho zetu walichuma pareto kwenye haya mashamba ya baridi, vikapu mgongoni, na sidhani walichuma kimya. Waliimba nini? Nani aliwaamuru, au walimwimba vibaya nani akiwa hajui lugha? Wenye majibu wana miaka 80 na zaidi, na kila mwezi tunazika mmoja tukiwa tumekodi spika kubwa na hatujarekodi hata dakika tatu za sauti yake.

Una simu. Wikendi hii panda kwa shosho, beba majani na sukari, muombe akuimbie wimbo wa shamba. Akikuambia "hizo ni takataka za zamani, mjukuu wangu, hazikufai," usikubali. Bonyeza rekodi.